Jumapili ya Kumwaga Zege

Kwa miaka mingi Timazi alilitazama kombe lile kwenye kioo. Kinyozi wa mtaa wetu, ambaye pia ndiye refa wa ligi yetu ya wafanyakazi, alikuwa ameliweka kwenye rafu nyuma ya kiti cha kunyolea, kati ya chupa ya spiriti na redio isiyofanya kazi. Ukikaa kunyolewa unaliona mbele yako, ingawa liko mgongoni kwako. Ni kombe la bati lililopakwa rangi ya dhahabu, na rangi imeanza kubanduka kwenye masikio. Akikaa pale Timazi hufumba jicho moja na kulikazia kombe hilo jingine, mpaka kinyozi amshike kichwa.

"Tulia, fundi. Nitakukata sikio."

"Rafu yako imelalia kushoto."

"Uliniambia mwezi uliopita. Na mwezi wa kabla ya huo."

Ugonjwa wake ndio huo. Timazi halisi, ile ya chuma, ni kipande kizito kinachoning'inizwa kwenye uzi ili mwashi ajue kama ukuta umesimama wima. Yeye akapewa jina hilo kwa sababu hawezi kupita mbele ya kitu kilichopinda akanyamaza. Walipohamia vyumba vyao viwili, yeye na mkewe, mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa vibaya na fundi wa mwenye nyumba. Mke anasema mumewe hakulala siku hiyo mpaka aliposhuka kitandani, akaung'oa mlango na kuufunga upya, majirani wakidhani kuna wizi. "Niliolewa na pima maji," huwa anasema, na mumewe hatabasamu, kwa kuwa anaona amesifiwa.

Na kazini unyoofu wake haukuwa wa kuta tu. Kibarua akivunja tofali na lawama zikimwendea mwingine, Timazi atasema ni nani. Akikosea yeye, atasema ni yeye, kisha ataubomoa ukuta mbele ya watu wote, tofali kwa tofali, huku tumesimama tumekunja mikono. Mimi natunza stoo pale saiti, na wananiita Msomi. Nilitoka chuo nikiwa na cheti na hasira nyingi, nikaamini watu wa namna hiyo wamebaki kwenye hotuba tu. Yeye alinifanya niamini tena. Ndiyo maana naandika habari zake, pamoja na ile Jumapili, maana nikiiacha nitakuwa nimemjengea mtu ukuta wa uongo.

Alikuwa nahodha wetu na beki wa kati. Alikuwa amepita miaka arobaini, na goti lake la kulia lilikuwa likilia kama bawaba kavu kila anapoinuka. Mwaka huo alimwambia mkewe kwamba huu ndio msimu wa mwisho. Mafundi hatukuwahi kulichukua lile kombe hata mara moja. Mwaka huo, kwa kudra na kwa goti lake, tulifika mechi ya mwisho tukiwa sawa kwa pointi na timu ya vibarua, wale wanaobeba makarai ya zege na tofali kwenye saiti yetu na nyingine za jirani. Atakayeshinda analibeba.

Nahodha wa vibarua alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu mfupi mwenye mabega mapana anayeitwa Winchi kwa jinsi anavyopandisha mizigo ghorofani. Wawili hawa utani wao haukuisha. Winchi akipita chini ya jukwaa atasema, "Shemeji, dada yangu amekonda, unamlisha saruji?" Naye Timazi atajibu bila kugeuka, "Mwambie arudi kwenu basi, nipumzike." Watu wanacheka, kazi inakwenda.

Ijumaa ya wiki ile mkandarasi alimpigia Timazi simu. Mashine ya kuchanganyia zege, ambayo ni ya kukodi, ingepatikana Jumapili tu. Sakafu ya ghorofa ya kwanza imwagwe siku hiyo hiyo. Watafutwe watu ishirini wa kubeba.

Niseme kitu hapa. Wiki nzima mikono yetu ni ya mtu mwingine. Mgongo ni wa mtu mwingine, jasho ni la mtu mwingine, hata ukuta ukiisha unapakwa rangi na kupewa jina la mtu mwingine. Jumapili jioni, kwenye kile kiwanja chenye mawe, ndizo saa pekee ambazo hakuna aliyetununua. Anayeingiza mashine ndani ya saa hizo anatudhulumu, hata akizilipia. Naamini hivyo mpaka leo. Lakini siku ile sikumwambia mtu. Nilikuwa stoo, nahesabu mifuko.

Jioni vibarua walikaa juu ya lundo la mchanga kama kawaida, na Timazi akasimama mbele yao kuita watu wa Jumapili. Huwa anaita kwa majina ya utani, polepole, akimtazama kila mmoja kama anayepima.

"Kisigino."

Kisigino ndiye mfungaji wao. Aliinua mkono nusu, akatazama miguu yake. Kibarua anayekataa Jumapili haitwi Jumatatu.

"Pacha. Na Pacha mwenzako."

Hao ni viungo wao wawili. Kisha akamwita golikipa wao, kisha wengine ambao hawachezi mpira, mpaka ishirini wakatimia. Winchi alikuwa bado amekaa.

"Na mimi je, shemeji? Au mikono yangu imeoza?"

"Wewe pumzika. Una mechi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni fundi, anaogopa kunyimwa chakula nyumbani." Mchanga wote ukacheka. Nami nilicheka, nikiwa mlangoni pa stoo.

Jumapili asubuhi Timazi alikuwa saiti kabla ya mtu yeyote. Alikagua nondo, akavuta nyuzi za kimo, akawaachia mafundi wawili wazee wasiocheza mpira kazi ya kulainisha. Zege likianza halisimami. Ukikatisha katikati ukarudi kesho, jipya halishikani na la jana, na pale pa kuungia patapasuka na kuvuja maisha yote ya nyumba. Kwa hiyo watu hujipanga mstari kutoka kwenye mashine, juu ya mbao za kupandia, mpaka ghorofani, wakipokezana makarai. Hakuna anayeondoka. Pengo moja likitokea, mstari mzima umekufa.

Alitoka pale jioni inaingia, akaja kiwanjani na viatu vyake begani. Kiwanja kiko mitaa miwili tu kutoka saiti. Tulipokuwa tunavaa jezi tulikuwa tunaisikia mashine ikiguguma.

Vibarua walikuja saba.

Walikuja kwa mstari, Winchi mbele, jezi zile nne zilizobaki amezikunja vizuri chini ya kwapa. Aliziweka kando ya mstari wa kiwanja, akaweka jiwe juu yake zisipeperuke. Beki wao mmoja alikuwa amevaa glavu za kazi, ndiye golikipa wa siku hiyo.

Kinyozi alikuja na filimbi yake shingoni na kombe ndani ya mfuko wa plastiki. Aliwatazama vibarua, akatutazama sisi. Ligi yetu ina desturi yake, na nadhani ni ya kwetu peke yetu: timu moja ikija pungufu, refa anamuuliza nahodha wa timu iliyokamilika kama watu wasubiri mpaka Jumapili nyingine au wacheze. Pungufu haombi. Aliyekamilika ndiye anayeamua. Kwa miaka yote niliyocheza sijawahi kusikia nahodha akisema jingine ila "tunasubiri."

"Fundi," kinyozi akasema. "Mnasubiri au mnacheza?"

Timazi alifumba jicho moja akatazama goli la upande wa pili. Wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa akitazama mwamba ulivyopinda. Mimi nilikuwa karibu naye. Alikuwa akilitazama lile kombe ndani ya mfuko.

"Tunacheza."

Golikipa wetu, jitu tunaloliita Geti, alikohoa. Winchi alivuta soksi zake juu.

"Haya," akasema. "Tucheze. Shemeji, leo usinikanyage, dada yako mkwe atakufukuza."

Hata utani wake ulitoka umepinda. Dada aliyemtaja ni wake mwenyewe.

Sitaki kuwasimulia kipindi cha kwanza kwa urefu. Watu saba walikimbia kama kumi na wanne. Winchi alikuwa kila mahali, uso umejaa vumbi, akipiga kelele za kuwapanga wenzake kama yuko kazini: "Pokea. Peleka. Pokea." Tuliwafunga bao la kwanza na mfungaji wetu akanyoosha mikono juu, kisha akaona hakuna wa kumkumbatia, akaishusha taratibu. La pili lilimpita yule wa glavu katikati ya miguu. La tatu nilifunga mimi. Goli lilikuwa tupu, ningeweza kuingia na mpira mkononi. Watazamaji walikuwa upande wa vibarua wote, hata wake zetu. Kila mpira ulipotoka nje na kelele kutulia, tulisikia mashine kule saiti, ikizunguka na kuguguma, na sauti ya mtu akiita "karai, karai."

Mapumziko. Kiwanja kina pipa moja la maji, na timu zote mbili hunywa hapo. Vibarua walikuwa wamelala chali. Winchi peke yake alikuwa amesimama, kikombe mkononi, maji yanamtiririka shingoni. Timazi akamwendea. Nilikuwa upande wa pili wa pipa.

"Mnacheza vizuri, shemeji."

"Tunajitahidi."

"Pole kwa hao wengine." Alisita kidogo. "Ijumaa ile sikukumbuka kabisa kama kuna mechi. Kichwa kilikuwa kwenye zege."

Winchi alikunywa mpaka akamaliza, akakitumbukiza tena kikombe pipani. Hakupandisha sauti.

"Mimi uliniambia nipumzike, nina mechi."

Akanywa kile cha pili, akakining'iniza kikombe kwenye msumari, akaenda kukaa na wenzake.

Nimemwona Timazi akiangukiwa na tofali begani asitikisike. Pale pipani alishika ukingo wa lile pipa kwa mikono miwili, akainamia maji, na alikaa hivyo hata nikadhani anatapika. Nilizunguka upande wake. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nina maneno tayari siku zote.

"Kapteni, kosa si lako. Ni la mkandarasi. Yeye ndiye aliyeleta mashine Jumapili."

"Mkandarasi alisema watu ishirini," akanijibu. "Hakusema nani."

"Uliwaita wenye nguvu. Kila mtu anajua wale ndio wenye nguvu."

"Ndio wenye nguvu. Ningewaita hata kama mpira haujazaliwa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Lakini nilipomwita Kisigino nilikumbuka, Msomi. Nikafurahi. Nikaendelea kuita."

Nilimtazama mtu ambaye angeweza kukuambia ukuta wa nyumba ya jirani umeegama kiasi cha unene wa ukucha, na nikaona hana uzi wa kuuning'iniza mahali pale. Hakujua yeye mwenyewe ni kiasi gani alichagua mabega ya watu na ni kiasi gani alichagua kombe. Na sidhani kama leo anajua.

Alirudi kwa timu. Wote walikuwa wamekaa, na Geti alikuwa akichezea nyasi. Timazi akavua kitambaa cha unahodha, akamrushia Geti.

"Goti?" Geti akauliza.

"Goti ni zima."

"Sasa unakwenda wapi? Tunaongoza tatu."

"Saiti. Nakwenda kumtoa Kisigino kwenye mstari, nibebe mimi."

Mfungaji wetu akainuka. "Kapteni, acha hizo. Kombe lipo hapo. Umelisubiri miaka yote hii."

"Lipo. Lichukueni." Kisha, kwa sauti ambayo hata vibarua kule waliisikia: "Ijumaa nilikumbuka mechi. Kama kuna aliyesikia nikisema nilisahau, nilisema uongo. Na leo nilipoulizwa nilipaswa kusema tusubiri."

"Si tuahirishe tu sasa," mtu akasema.

Kinyozi akatikisa kichwa. Filimbi ikishalia imelia.

Timazi hakungoja jingine. Alivuka kiwanja katikati, akichechemea, jezi yetu nyekundu mgongoni, viatu vya mpira miguuni, akashika njia ya saiti. Mwanamke mmoja kwenye umati akasema, "Huyo naye amefukuzwa?" Mke wake, aliyesimama karibu, alimfuata mumewe kwa macho mpaka kona, kisha akaenda kukaa karibu na zile jezi nne chini ya jiwe, upande wa mdogo wake.

Tulianza kipindi cha pili tukiwa kumi. Baada ya muda Kisigino akatokea mbio, peku, miguu imepakaa zege mpaka magotini, nywele za kijivu kwa saruji kama mzee. Winchi alimpa jezi bila kumwuliza neno. Mashine ilikuwa inaendelea kulia kule, bila kukatika, na tulijua kwa nini haijakatika.

Kisigino alitufunga bao moja, kwa kichwa, na vumbi la saruji likatoka nyweleni mwake kama moshi. Umati ulipiga kelele ambazo hatukuwahi kupigiwa sisi. Lakini alikuwa mmoja, naye tangu asubuhi alikuwa kwenye makarai. Ikaisha tatu kwa moja.

Kinyozi alilitoa kombe kwenye mfuko, akampa Geti. Geti alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu. "Tumpelekee," akasema. Tukaenda, timu nzima, na jezi zetu zenye jasho, bila wimbo.

Saiti walikuwa karibu kumaliza. Timazi alikuwa katikati ya mbao za kupandia, pale panapochosha kuliko pote, maana unapokea chini na kutoa juu. Jezi ilikuwa imegeuka kijivu. Kila alipoinua karai goti lilimkunja, na aliyekuwa juu yake, Pacha mmojawapo, alikuwa akiinama zaidi ili kumpunguzia. Geti akaliinua kombe juu.

"Kapteni, hili hapa."

Timazi alipokea karai, akalitoa, akapokea jingine.

"Liwekeni stoo. Mnaziba njia."

Tulisogea kando. Hapo Winchi akatokea nyuma yetu, bado kwenye jezi, akapita katikati yetu kama hatupo. Akapanda mbao, akamgusa bega mtu aliyekuwa chini ya Timazi. Yule akamwachia nafasi. Karai lililofuata lilipandia mikononi mwa Winchi, naye akalinyanyua kwa shemeji yake.

"Shika," akasema.

Timazi akashika. Hakukuwa na utani. Wengine wetu walivua jezi wakaingia mstarini, wengine walikwenda nyumbani, sitawataja. Mimi nilifungua stoo, nikaliweka kombe juu ya mifuko ya saruji, na nilipofunga mlango mashine ilizimika. Kimya kilikuwa kizito hata ukasikia mwiko wa yule fundi mzee ukilainisha juu.

Ijumaa iliyofuata mkandarasi alipiga simu tena. Watu kumi wa Jumamosi, kushusha tofali. Vibarua walikaa juu ya mchanga. Timazi akasimama mbele yao, akawatazama mmoja mmoja bila kuita, mpaka mtu mmoja akauliza kama leo majina yamekauka.

"Shemeji," akasema Timazi. "Njoo uite wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Na siku nyingine zote, uite wewe. Au wachague wenyewe."

Winchi akapangusa mikono kwenye suruali, akaja mbele. Timazi akageuka, akawapa watu wote mgongo, akaukabili ukuta wa stoo alioujenga mwenyewe. Winchi akaanza kuita. Kwa kila jina Timazi alibaki pale pale, jicho moja limefumba, mikono nyuma, pua karibu na tofali.

"Fundi," mtu akamwita kutoka mchangani, "ukuta huo si ulishaupima?"

"Niacheni kwanza," akasema, bila kugeuka, mpaka jina la mwisho likaitwa.